Fundi Viungo Bandia Anajibu

Maswali yaliyonifikia karakana mwezi huu, hapa Tanga.

Nyonga ya kulia inanisumbua. Fimbo nashika kulia, binti yangu anasema nimekosea. (Mzee, Chumbageni)

Shikamoo mzee wangu. Binti yuko sahihi, hamishia kushoto. Ukinyanyua mguu wa kushoto, kiwiliwili kinataka kuangukia huko huko. Kinachokizuia ni msuli wa ubavuni mwa nyonga ya kulia, nao umekaa karibu mno na kiungo, kwa hiyo inaulazimu kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe. Nyonga inabeba vyote viwili, uzito na mvuto: mara 2.5 hadi 3 ya uzito wako, kila hatua. Fimbo ya kushoto iko mbali na nyonga hiyo. Ukiigandamiza kidogo tu, msuli unapumua. Na urefu je? Vaa viatu vyako, ning'iniza mkono: kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Juzi nimemkatia mteja sentimita 6 kwa msumeno. Fimbo alirithi kwa kaka yake, mtu mrefu kama mnazi.

Mguu wa bandia asubuhi unakaa vizuri, alasiri unacheza na kuumiza. Nitengenezewe mwingine?

Usikimbilie gharama, ndugu yangu. Soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia, hukamua maji kwenye kigutu, sehemu ya mguu iliyobaki, kutwa nzima; kigutu kinapungua na kuzama, mfupa unagota. Alasiri ongeza soksi moja juu ya kigutu. Ukiuvua mchana kupumzika kigutu kikafura, ipunguze. Ila ukiona kidonda, usiuvae. Njoo siku hiyo hiyo.

Goti linauma kwa mbele nikiendesha baiskeli.

Pandisha siti. Kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Tanga nzima tunaendesha baiskeli, lakini siti tunaziweka kama vigoda!

Fundi, kubeba ndoo kichwani kunadhuru? (Mama, Pongwe)

Mwaka 1986 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopima hewa waliyovuta wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu, Kenya, wakitembea na mizigo. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea kazi yoyote. Baadaye ikaonekana siri iko kwenye mwendo: mwili unabembea kama timazi, nguvu ya hatua hii inarithiwa na inayofuata. Sasa piga hesabu, mama. Ukiwa na kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12; ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na zaidi. Tena walichopima ni pumzi, si shingo. Jaza nusu, urudi tena.