Nunua fremu kwanza, begi baadaye: kwa wote mnaojiandaa na msimu wa kuwinda elki

Wiki iliyopita kuna dogo mmoja yuko Twin Falls, hapa hapa Idaho, kanitumia meseji: "Kaka shikamoo, nimeona zile picha za nyama, hongera sana. Mi na shemeji tunaingia porini Oktoba, bunduki tunayo, darubini tunayo, buti tunazo, tumebakiza begi tu. Tuelekeze begi zuri la bei poa." Nikampigia, tukaongea weee, na bado nikaona sijamaliza, ndo maana naandika hapa, maana najua mko wengi mnajiandaa msimu huu, Idaho, Montana, Colorado, na wote mnaanza na bunduki mnamalizia na begi. Mnaanza kinyume. Cha kwanza ni fremu, yaani kile kiunzi kigumu cha begi kinachokaa mgongoni na kubeba uzito.

Zile picha alizoziona ni za jike la elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, nililopiga mwezi wa kumi mwaka jana kwenye Boise National Forest, juu huko ukishapita Idaho City. Niseme tu wazi, najivunia ile nyama kuliko vitu vingi nilivyofanya tangu nifike nchi hii. Watoto wangu wamekula, majirani wamekula, wamama wa Kikongo wa pale kanisani wameipika na sombe (kisamvu) wakaniita niende nikale. Lakini kinachonipa fahari sio risasi. Risasi ni dakika moja. Ninachojivunia ni kwamba nyama yote imetoka porini, safi, baridi, haijanuka hata kidogo, na imetoka kwa mgongo wangu.

Leseni, tagi (kibali cha mnyama unayempiga) na kozi ya usalama wa bunduki sitaviongelea, vyote mtavipata kwa Idaho Fish and Game, idara ya wanyamapori ya jimbo, kumbukeni tu ukizaliwa kuanzia Januari 1, 1975 lile cheti la kozi unatakiwa uwe nalo ndo upate leseni. Twende kwenye mzigo.

Elki jike mzima anaenda kwenye kilo 220 hivi, dume kilo 300 na kuendelea. Ukishachuna ukatoa na mifupa, jike linakupa nyama tupu kama kilo 60 mpaka 80, dume linaweza kuzidi mia. Na sheria haikuruhusu uchukue sarara uondoke, mapaja ya nyuma, mikono ya mbele na nyama yote ya kwenye uti wa mgongo lazima itoke, ukiiacha ioze ni kosa na unashtakiwa kweli. Sasa chukua hizo kilo uziweke kilomita nyingi kutoka kwenye gari, kwenye mteremko wenye miti iliyoanguka hovyo. Na kuna sehemu kama Frank Church, lile pori kubwa la katikati ya Idaho lililotengwa mwaka 1980, ekari zaidi ya milioni 2, huruhusiwi gari, huruhusiwi pikipiki, hata baiskeli, hata kale katoroli ka magurudumu ka kuvutia nyama hakaruhusiwi. Kwa kawaida unabaki na njia mbili: farasi au nyumbu, au mgongo wako.

Mimi nimekulia Marangu. Kabla sijaja huku nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, kilo 20 kichwani, unazungusha kata ya kitenge unaiweka utosini, mzigo juu, unatoka Mandara unapanda Horombo, ukifika shingo huisikii. Kwa hiyo mzigo naujua tangu ujana. Na hapa kuna jambo bado linaniuma. Nilipoanza kuwinda huku na kununua fremu, kuna mtu mzima wa heshima zake alisema mbele za watu kwenye harusi, "Huyu katoka Kilimanjaro kuwabebea wazungu, kaja Marekani kubeba tena." Watu wakacheka. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Sijasahau. Na sioni aibu yoyote, kwa sababu ile kazi ndo imenifundisha kitu ambacho wauzaji wengi wa mabegi hawakijui: mzigo wa kichwani haugusi mabega. Unashuka wima kwenye uti wa mgongo mpaka kwenye nyonga, miguu ndo inabeba. Mabega hayakuumbwa kubeba kilo 30, nyonga zimeumbwa hivyo.

Fremu nzuri inafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Zile fito mbili za alumini, karboni au titani zinazopita mgongoni zinauchukua uzito na kuupeleka chini kwenye mkanda wa kiunoni, na mkanda unauweka juu ya nyonga. Dick Kelty, yule jamaa wa California aliyeanza kuuza mabegi ya fremu ya alumini mwaka 1952, inasimuliwa kwamba wakiwa milimani yeye na mwenzake walichomeka ncha za fremu kwenye mifuko ya nyuma ya suruali wakaona mabega yamepumua papo hapo. Ndo hiyo hiyo siri. Begi lenyewe, ile nguo, zipu, mifuko kumi na mbili ya pembeni, ni mapambo. Ukinunua unanunua fremu na mkanda, hilo lishike hata ukisahau mengine yote.

Sasa nikwambie nilivyotendewa dukani. Duka kubwa tu, jina siliweki. Kijana wa pale akaniangalia juu mpaka chini, mimi ni mrefu, akavuta fremu ndefu kuliko zote akasema hii ndo saizi yako, hakunipima, hakuweka hata kilo moja ndani, nikalipa. Nilipopakia mzigo wa kweli, mkanda ukateleza ukakaa kwenye makalio, mabega yakachukua kila kitu, na ile mikanda midogo ya juu ya mabega ikawa inavuta kwenda mbinguni bila faida. Nikarudi nalo wakanijibu limeshatumika. Nilikasirika sana siku ile na mpaka sasa sipiti hata kwenye lile eneo la maegesho yao. Urefu wako peke yake hauonyeshi urefu wa mgongo wako! Mimi urefu wangu uko kwenye miguu, mgongo wangu ni sentimita 45 tu. Kuna watu wafupi kwangu kabisa wana mgongo wa 50.

Kujipima ni hivi. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo utakuta kifupa kimejitokeza kuliko vingine, hapo ndo mwanzo. Halafu weka mikono kiunoni, vidole gumba vielekee nyuma, shuka mpaka uguse ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, chora mstari kati ya vidole gumba viwili, hapo ndo mwisho. Mtu mwingine apime kwa tepu ya fundi cherehani kufuata mgongo, sio kwa rula. Hiyo namba ndo unaenda nayo dukani au unaiweka kwenye oda, na muuzaji akikuuliza urefu wako badala ya hiyo namba, mshukuru uondoke.

Mabegi mapya ya maana ni ghali, sitawadanganya, unaongelea dola 500 mpaka 800. Kuna Mystery Ranch iliyoanzia Bozeman kule Montana, kuna Stone Glacier wa Bozeman hiyo hiyo, kuna Kifaru, Colorado wapo Seek Outside, na hapa hapa Boise wapo Exo Mtn Gear. Hao wote wanatengeneza fremu kwa ajili ya nyama, yaani begi linaachana na fremu, unafungua mikanda ya pembeni, unapata nafasi katikati, nyama inakaa pale imegusana na fremu, karibu na mgongo wako, na begi linaifunika kwa nje. Hiyo nafasi ndo kila kitu. Begi la kutembea la kawaida, hata liwe zuri vipi, halina hiyo nafasi, utaweka nyama ndani juu ya koti na mswaki wako, na uzito utakaa mbali na mgongo ukuvute nyuma kila hatua.

Kama hela haipo, nenda kwenye maduka ya mitumba ya vifaa vya jeshi utafute fremu ya ALICE, ile ya bomba za alumini jeshi la Marekani lilianza kuitumia miaka ya 1970. Ni nzito, inapiga kelele, mkanda wake wa asili ni mwembamba mno mpaka ubadilishe uweke mnene, lakini inabeba. Ukiikuta, usiangalie nguo. Igeuze, shika kila ribiti (ile pini inayoshika viungo) utikise, pitisha kucha kwenye viungo vyote vya bomba, ukisikia ufa au ribiti inacheza iache pale pale hata kama wanaiuza dola 10. Fremu ikikatika uko bondeni na paja mgongoni hakuna wa kumwita.

Ukubwa wa begi, mnanisumbua sana na hili swali. Lita 60 mpaka 80 inatosha kwa siku 3 mpaka 5. Nguo ya naironi ya denia 500 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) inatosha. Rangi yoyote. Tuendelee.

Ukishanunua, lijaribu kabla ya msimu, na hapa sisi tuna bahati, kila nyumba ya Mswahili hapa Boise ina gunia la mchele la pauni 50, ambazo ni kama kilo 23. Funga lile gunia kwenye fremu, panda nalo Table Rock, kile kilima cha hapa Boise. Mguu wa kwanza utakudanganya, utasema mbona jepesi. Subiri nusu saa. Kama ganzi inakuja kwenye mapaja, mkanda umebana mbele kuliko pembeni. Kama mabega yanaungua, mgongo wa fremu ni mfupi au mrefu kwako. Kama mzigo unakuyumbisha kila ukikanyaga jiwe, haujakaa karibu na mwili. Rekebisha, panda tena. Ukizoea gunia moja, tafuta la pili. Watu wa pale njiani watakuangalia, waache waangalie, we panda.

Kufunga nyama kwenyewe nako kuna namna. Ile jioni ya mwaka jana baridi ilikuwa imeshaingia, nyama inatoa moshi, taa ya kichwani inaniwakia kwenye mikono iliyojaa damu inayoganda. Paja la kwanza niliacha na mfupa, nikalitia kwenye mfuko wake wa kitambaa unaopitisha hewa, nikalaza fremu chini kwenye nyasi, nikaliweka ile sehemu nene juu, usawa wa katikati ya mabega, mguu ukaelekea chini. Kisha mkanda wa chini kwanza, unavuta mpaka usikie umegoma, halafu wa kati, halafu wa juu, halafu unarudia wote tena maana ukivuta wa juu wa chini unalegea. Ukilitikisa lisicheze hata kidogo. Mfupa unasaidia kushika umbo. Nyama isiyo na mfupa inateleza na kujikusanya chini kama ugali uliokosa unga, kwa hiyo kama umetoa mifupa gawa kwenye mifuko midogo na uweke kamba ya kuizuia chini, ndo ufunge.

Kunyanyuka usijifanye shujaa. Simamisha fremu kwenye mwinuko au ikiegemea gogo, kaa chini mbele yake, vaa mabega, funga mkanda wa nyonga kwanza mpaka uume mfupa, ndo uvute mabega, ndo uvute ile mikanda midogo ya juu, jiviringishe upande mmoja upige magoti, shika fimbo mbili, simama. Kushuka ndo kunavunja watu, sio kupanda, hatua fupi, fimbo mbele. Kilo 25 mpaka 30 kwa safari moja zinatosha kwa mtu wa kawaida, rudi tena. Mimi nilirudi, nikarudi, mpaka mti niliotundikia ukabaki na kamba tu.

Na ndugu zangu, niwaambie kitu kwa upendo. Wengi wetu tunatoa dola elfu moja na nusu kwa bunduki na darubini ili tupige picha tuweke status, halafu kwenye begi tunatafuta la dola 80. Huo sio uwindaji. Uhai wa mnyama umeuchukua wewe, una deni la kumtoa pale alipoangukia mpaka kwenye sufuria, na deni hilo halilipwi kwa darubini. Jua la Septemba likikukuta na paja zito mahali pabaya na begi bovu, nyama inaanza kuharibika kwenye mfupa kabla hujafika kwenye gari, ukilikata nyumbani linanuka kwa ndani. Hapo utamwambia nini mkeo? Bunduki ya kawaida ya mitumba inaua elki vizuri sana. Fremu ya hovyo haibebi elki. Panga hela zako hivyo, na mtu akikucheka kwamba umekuwa mpagazi, mwache acheke, kubeba chakula cha wanao sio kazi ya kumwonea mtu haya.

Wanaoniuliza kama mtu na shemeji wake wanaweza kutumia begi moja kwa zamu, jibu ni hapana, kila mgongo na kipimo chake, labda fremu iwe ya kurekebishika na mkae mkiirekebisha kila mkibadilishana, na gizani hamtafanya hivyo. Bora mmoja anunue jipya, mwingine aanze na ALICE. Mlioko karibu na Boise mnaotaka kupimwa mgongo, Jumamosi mchana niko nyumbani, njooni na fulana nyepesi na hayo mabegi yenu mliyonunua. Mchele wa kupakia upo.