Kiu ya joto na kiu ya sukari

SWALI: Shikamoo nesi. Mume wangu ana miaka 46, anaendesha lori la mchanga. Tangu mwezi wa tisa anakunywa maji hadi nashangaa, na usiku anaamka kukojoa mara nne, tano. Suruali zinamvuka, ametoboa tundu jipya kwenye mkanda. Mwenyewe anasema ni joto la Dodoma, mvua zikianza litaisha. Majirani wananong'ona kwamba kaukwaa. Juzi asubuhi nimekuta sisimizi wameizunguka ndoo anayokojolea usiku. Nifanyeje?
Mama wa genge, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu nalijua. Nimefanya unesi Dodoma miaka 31 na bado sijalizoea. Lakini joto linakausha. Mtu aliyechomwa na jua anatoka jasho, ana kiu, na mkojo wake unakuwa kidogo, wa njano iliyokolea. Mumeo anakunywa ndoo na anakojoa ndoo, tena usiku wakati jua limelala. Hiyo si kiu ya joto.

Sukari ikipanda kwenye damu, ikapita kama 10 kwenye mashine zetu, figo zinashindwa kuirudisha yote. Inamwagika kwenye mkojo na kuondoka na maji. Koo linakauka, anakunywa, anakojoa, anakunywa tena. Na hiyo sukari inayomwagika ndiyo ugali alioula kwako jioni. Mwili ukiukosa unaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe, ndiyo lile tundu la mkanda. Hebu muulize kwa upole anakunywa nini barabarani. Nimewaona madereva wengi wanaoona uchovu unawazidi, wananunua soda mbili ili wachangamke.

Sisimizi wazee wetu waliwatumia, na mimi siwadharau. Wakushtue, basi. Usiwangoje wakupe jibu, maana sukari inaweza kuharibu macho na miguu kabla haijafika kiwango cha kumwagika kwenye mkojo. Ndoo isiyo na sisimizi si cheti.

Majirani waache. Kupungua mwili kuna sababu nyingi. Akifika kituoni apime na VVU, na kama anakohoa apime kifua kikuu, kwa sababu kisukari na kifua kikuu hupenda kuandamana. Afanye hivyo kwa faida yake, siyo ya wanaochungulia uani kwenu.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni. Kwa dalili hizi asisubiri siku ya mapumziko. Akipimwa wakati wowote, hata ameshakula, ikasoma 11.1 au zaidi, jibu limepatikana. Akipimwa asubuhi baada ya kukaa muda wa saa nane au zaidi bila kula, 7.0 kwenda juu ni kisukari, na 6.1 hadi 6.9 ni mpakani, hapo ndipo chakula na mazoezi vinasaidia sana.

Ila anawe mikono kwa sabuni kwanza! Msimu mmoja wa zabibu alikuja mzee kutoka Hombolo, mashine ikasoma 19. Mkewe akaanza kulia palepale. Nikamshika mkono, vidole vinanata: alikuwa ametoka kujaza makreti. Tukamnawisha, tukamfuta, tukachoma kidole kingine. 5.4. Mzee akaniuliza kama ile 19 anaweza kuniachia mimi.

Yako mengine ambayo mumeo hatakuambia, na wanaume wengi hawasemi: kuwashwa sehemu za siri au fangasi zinazorudi kila zikitibiwa, nyayo kuwaka moto au kufa ganzi, kidonda cha mguuni kisichofunga. Na macho kuona ukungu. Huyo ni dereva, hilo muulize leo. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kuongea visivyoeleweka, ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

SWALI: Mwanangu ana miaka 7, aliacha kukojoa kitandani zamani, sasa amerudia. Anakunywa maji sana, amekonda. Tumepewa dawa ya malaria, hakuna nafuu. Nimchape?
Baba, Mpwapwa

JIBU: Usimguse! Watoto nao hupata kisukari, na kwao hakingoji miezi. Ni wiki chache tu mtoto anazidiwa. Hana kosa, wala hakukipata kwa kula pipi. Mpeleke leo, na ukifika dirishani usiseme "homa". Sema, "Naomba mtoto apimwe sukari." Kama pumzi yake inanukia kama matunda yaliyooza, au anatapika, usipange foleni, pita moja kwa moja kwa daktari.