Maswali na majibu: stringi za Lua ukiwa upande wa C

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: stringi, yaani vipande vya maandishi au data, zinazovuka kutoka Lua, lugha ndogo ya skripti inayopachikwa ndani ya programu za C, kwenda C, au kurudi. Zilizofanana nimezijibu pamoja. Ninaposema Lua bila namba nina maana ya 5.4. Kama unaandika kwa ajili ya hifadhidata ya Redis au unatumia LuaJIT, Lua ya kasi, wewe uko kwenye API (funksheni ambazo C huzungumza nazo na Lua) ya 5.1, na baadhi ya majina ninayotaja hutayakuta. Ukiniandikia, taja toleo. Nimeliomba hili mara nyingi kuliko ninavyomwomba konda chenji yangu.

Shikamoo fundi. Nina struct ya mteja, nasoma jina lake kwa lua_tostring na kuliweka humo. Kwenye laptop inafanya kazi wiki nzima. Kwenye seva, baada ya saa moja majina yanageuka takataka. Tatizo ni Linux ya seva? (Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Linux iache, haina kosa. Kosa ni hizi:

    lua_getfield(L, 1, "jina");
    mteja->jina = lua_tostring(L, -1);
    lua_pop(L, 1);

Mstari wa pili haukukupa stringi. Umekupa anwani ya stringi inayokaa nyumbani kwa Lua. Mstari wa tatu ukaitoa kwenye steki, rundo ambalo Lua na C hupeana vitu, na kuanzia hapo mzoa taka (garbage collector, sehemu ya Lua inayofuta visivyotumika tena) ana ruhusa ya kuibeba siku yoyote atakayopita. Hapiti papo hapo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na wewe umeivaa hadi harusini.

Kwa nini laptop ilikuvumilia? Nina hakika majaribio yako yalikuwa na jina lililoandikwa ndani ya skripti yenyewe. Jina la namna hiyo ni sehemu ya funksheni iliyokompailiwa, kwa hiyo funksheni inalishikilia muda wote inapokuwa hai, na pointa yako, yaani ile anwani, inaishi kwa hisani yake. Kwenye seva majina yanatoka kwenye mtandao. Jedwali likishatupwa, au skripti ikiandika jina jipya mahali pa lile la zamani, hakuna anayelishikilia tena. Umebaki wewe na anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Mwongozo wa Lua 5.4, sehemu ya 4.1.3, unaahidi kitu kimoja tu: pointa ni halali maadamu stringi ile iko kwenye steki na haijabadilishwa. Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, nakili: strdup, au malloc na memcpy kama unaujua urefu, kisha free unapomaliza na mteja. Ya pili, mpe Lua aitunze kwa luaL_ref kwenye LUA_REGISTRYINDEX, daftari la ndani la Lua, uhifadhi ile namba, na kila unapotaka maandishi uirudishe kwenye steki kwa lua_rawgeti ndipo uombe pointa upya. Ukichagua ya pili kumbuka luaL_unref, la sivyo wateja wako hawatakufa kamwe. Mimi hunakili. Jina la mtu ni baiti thelathini. Sijaona programu iliyolemewa na hizo.

Nikishaita lua_pushstring, naweza ku-free stringi yangu? (Kisumu)

Ndiyo, Lua amekwishanakili. Lakini ile unayopewa na lua_tostring usithubutu.

Nasoma picha ya PNG kwa C na kuipeleka Lua kwa lua_pushstring. Faili lina kilobaiti 200 lakini Lua anasema urefu ni 8. Mbona anakata? (Mwanza)

Hakukata Lua, umekata wewe. Kila PNG huanza na saini ya baiti 8, kisha hufuata urefu wa kipande cha kwanza, ambao ni 13, ulioandikwa kwa baiti nne. Tatu za mwanzo kati ya hizo nne ni sifuri. lua_pushstring hupima kwa mtindo wa C, ikikutana na sifuri inasimama. Umepata 8 kamili, na mtu anayezijua PNG angetambua kosa kwa namba hiyo peke yake.

Tumia lua_pushlstring(L, data, n). Kurudi upande wa pili, tumia lua_tolstring au luaL_checklstring zinazokupa urefu, na usiguse strlen. Kwa Lua, baiti ya sifuri ni baiti kama nyingine.

Hukuniuliza hili, lakini nalisema kwa sababu linaumiza watu. Tuseme skripti inapokea jina la faili kutoka nje, inahakikisha linaishia na ".png", kisha inalipa funksheni yako ya C inayoita fopen. Mjanja analeta jina "siri.conf", baiti ya sifuri, kisha ".png". Lua anaona stringi inayoishia na .png, anaruhusu. C anaona siri.conf, anafungua. Kila mmoja kasema kweli na wewe umeibiwa. Popote stringi ya Lua inapokwenda kwa kitu cha C kinachosimama kwenye sifuri, iwe fopen, getenv au system, kagua kwanza:

    size_t n;
    const char *s = luaL_checklstring(L, 1, &n);
    luaL_argcheck(L, strlen(s) == n, 1, "jina lina sifuri ndani");

Mistari mitatu. Na kama kweli unamwita system kwa maandishi ya mtu usiyemjua, sifuri ndiyo shida yako ndogo.

Napitia jedwali kwa lua_next, nachapisha funguo kwa lua_tostring. Majedwali mengine yanapita, mengine yananipa kosa la ufunguo batili. (Nairobi, na Moshi, na Nairobi tena)

Swali hili limenifikia mara tatu, na jibu limeandikwa kwenye mwongozo chini ya lua_next penyewe, wala si mbali. lua_tolstring, ambayo ndiyo lua_tostring yako huiita, ikikuta namba haikuletei nakala ya maandishi. Inaibadilisha namba ile pale pale kwenye steki iwe stringi. Ufunguo wako ulikuwa 1, sasa ni "1". lua_next anatafuta "1" kwenye jedwali, hayupo, analalamika. Yanayopita ni yale ambayo funguo zake zote ni stringi tangu mwanzo.

Iinue nakala kwa lua_pushvalue uibadilishe hiyo, au tumia luaL_tolstring, ambayo haigusi cha asili na inaheshimu __tostring (maelekezo ya kitu chenyewe kuhusu kinavyoandikwa). Zote zinaongeza kitu juu ya steki, kitoe. Watu wa 5.1, luaL_tolstring hamna.

lua_isstring inarudisha kweli hata nikiipa 25. Ni hitilafu? (Zanzibar)

Si hitilafu. Inajibu "je, inaweza kuwa stringi?" Ukitaka kujua kama ni stringi, linganisha lua_type na LUA_TSTRING.

Nakata orodha ya miji kwa strtok moja kwa moja kwenye pointa ya lua_tostring. Kompaila ililalamika kuhusu const nikaweka (char *) ikanyamaza. Sasa skripti nyingine kabisa inasema ufunguo haupo kwenye jedwali wakati naona upo. (Arusha)

Kompaila ilikuonya, ukaiziba mdomo, sasa unaniandikia mimi.

Stringi fupi, hadi baiti 40, Lua hutunza moja tu kwa kila maandishi. Palipoandikwa "Moshi,Arusha,Singida" ndani ya state hiyo (Lua moja inayoendeshwa), wote wanaonyesha stringi ile ile. strtok inaandika sifuri mahali pa mkato. Umeibadilishia kila mtu. Kisha mtu akitengeneza "Moshi,Arusha,Singida" upya, Lua analinganisha na ile uliyoichana, haifanani, anaunda nyingine. Jedwali lililowekwa kwa ile ya kwanza haliitambui ya pili. Ndiyo maana unaona upo na Lua anasema haupo.

Nakili kwanza, kisha chana nakala yako upendavyo. Ila kwa kazi hii sioni kwa nini upo C. string.gmatch na "[^,]+" inamaliza kwa mstari mmoja, na hakuna wa kumuumiza. Kuna vijana wanaohamishia kila kitu C kwa sababu wamesikia C ina kasi, kisha wanatumia siku nne kutafuta kosa. Hesabu na hizo siku nne.

Nafanya malloc, kisha luaL_checkstring, kisha free. Valgrind, kichunguzi cha kumbukumbu, inasema inavuja. (Kampala)

luaL_checkstring ikikuta kitu kibaya hairudi. Inaruka kwa longjmp, na free yako haifikiwi milele. Kagua hoja zote kwanza, kisha ndipo uombe kumbukumbu. Afadhali zaidi, omba kwa lua_newuserdatauv, inayokupa userdata, yaani kumbukumbu inayomilikiwa na Lua, mzoa taka atasafisha hata ukiruka.

Kwenye Lua, #"ng'ombe" inanipa 7 nikiandika mwenyewe, lakini 9 ikitoka kwenye simu ya mteja. (Dodoma)

Simu imeweka ile alama iliyopinda, ’, mahali pa ' iliyonyooka. Kwenye UTF-8, namna ya kuandika herufi kwa baiti, iliyopinda ni baiti tatu. Lua huhesabu baiti, na lua_rawlen vilevile. Ukitaka herufi, utf8.len ipo tangu 5.3.

Kiswahili kimetudekeza hapa. Maandishi yetu karibu yote yanaingia kwenye ASCII (herufi za msingi za Kiingereza), kila herufi baiti moja, kwa hiyo tunaandika programu mbovu miaka mitano bila kujua, hadi ng'ombe mmoja aje kutoka simu ya mtu. Na kama unatuma SMS, alama hiyo moja iliyopinda inatosha kushusha ujumbe wako kutoka herufi 160 hadi 70, ulipe mbili. Inyooshe mapema, upande wa Lua, kabla haijafika popote.

Najaza luaL_Buffer huku nikizungusha jedwali kwa lua_next. Majedwali madogo sawa, makubwa yanaangusha programu. (Bujumbura)

Bafa, ghala la muda la kuunganishia maandishi, huanza ndani ya luaL_Buffer yenyewe, baiti 1024 kwenye mashine ya biti 64. Ikijaa, Lua huihamishia kwenye userdata iliyo juu ya steki, na hutarajia kuikuta pale pale ilipoiacha. lua_next naye anataka ufunguo uwe juu ya steki. Wawili hawakai kiti kimoja. Ukiwa katikati ya bafa unaweza kutumia steki, lakini kila unapoigusa bafa steki iwe kama ulivyoiacha mara ya mwisho. luaL_addvalue peke yake ndiyo imeruhusiwa kukuta thamani juu.

Kama jedwali lako ni orodha, zunguka kwa namba: lua_rawgeti, kisha luaL_addvalue. Kama si orodha, unganisha kwa table.concat upande wa Lua umletee C stringi moja iliyokamilika.

lua_pushfstring inakataa "%.2f". Nataka bei zangu zenye senti. (Tanga)

Haijui nukta wala upana. Andika kwa snprintf kwenye char[32] yako, kisha lua_pushstring. Na wewe uliyeniandikia bila kutaja mji kwamba unaita luaL_error(L, ujumbe) na ujumbe unatoka kwa mtumiaji: iwe luaL_error(L, "%s", ujumbe), kwa sababu % yoyote ndani ya ujumbe wake inasomwa kama agizo. Leo, kabla hujalala.

Toleo la 5.5 lina lua_pushexternalstring, inaweka stringi bila kunakili. Nihamie? (Mombasa)

Kama una faili la megabaiti mia kwenye kumbukumbu, ndiyo, imetengenezwa kwa ajili yako. Hakikisha baada ya baiti ya mwisho kuna sifuri, na usiiguse tena mpaka Lua aseme amemaliza nayo. Kama ni jina la mteja, rudi kwenye swali la Tabata.