Kuandaa Banda la Kuku Kabla ya Kipupwe

Kila mwaka masika yanapoanza kukatika mwezi Mei, wafugaji wadogo wa Arusha na Moshi huulizana swali lilelile: tufanye nini baridi ya Juni mpaka Agosti isije ikatumalizia kuku? Nimefuga kuku wa mayai na chotara nyuma ya nyumba hapa Ngaramtoni kwa miaka kadhaa sasa, na jibu langu huwashangaza wengi. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili hasumbuliwi sana na baridi yetu. Joto la mwili wake ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na usiku wa nyuzi 12 au 13 anaumudu vizuri mradi awe mkavu na asipigwe na upepo. Kinachowamaliza kuku msimu huu ni unyevu, hewa chafu na upepo unaopenya bandani. Kwa vifaranga ni kukosa joto. Asiyetofautisha mambo haya hutumia fedha mahali pasipohitajika na kuacha wazi penye hatari.

Sehemu ya mkanganyiko hutokana na ushauri unaosambaa mtandaoni kutoka Marekani na Ulaya, ambako watu hufuga kwenye theluji, maji ya kunywa huganda, na upanga wa jogoo hupakwa mafuta ya mgando usiungue kwa barafu. Huko pia kuku huacha kutaga kwa sababu ya giza: Desemba, urefu wa mchana wa London ni takriban masaa 8 tu, na kuku hutaga kwa kufuata urefu wa mwanga. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa ikweta, na tofauti ya mchana wa Juni na ule wa Desemba haifiki nusu saa. Kwa hiyo mayai yakipungua Julai, usikimbilie kununua taa. Chunguza chakula, umri wa kuku, kunyonyoka manyoya na utitiri, kisha uchunguze giza ambalo pengine umelileta mwenyewe kwa kufunga mapazia pande zote kutwa nzima wakati nje nako kumetanda mawingu.

Kazi ya kwanza ni sakafu. Masika yanapokwisha, maranda yaliyokaa bandani tangu Machi huwa yamekunywa maji ya kila namna: mvua iliyopeperushwa dirishani, maji ya kunywea yaliyomwagika, na kinyesi ambacho hakikupata jua la kukikausha. Baridi ikishaingia, unyevu huo hauondoki tena, kwa kuwa mawingu ya Juni na Julai hukaa chini mpaka mchana, na siku nyingine jua halionekani kabisa. Kipimo ninachotumia hakihitaji chombo. Chota konzi ya maranda chini ya fito za kulalia, yakamue kiganjani, kisha fungua mkono. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yakiachana taratibu, yako sawa. Yakirusha vumbi, yamekauka kupita kiasi na yatawakohoza kuku. Halafu chuchumaa mpaka pua yako ifike usawa wao, kwa maana harufu ya amonia inayotoka kwenye kinyesi huwa kali zaidi huko chini kuliko unapohema ukiwa umesimama. Ikikuwasha macho kwa dakika moja, kumbuka kwamba wao hulala humo usiku kucha. Amonia huchubua njia ya hewa, na mafua hupata pa kuingilia.

Mimi huondoa matandazo yote mwishoni mwa Mei, huiacha sakafu ikauke, hunyunyiza chokaa kidogo, kisha huweka matandazo mapya ya unene wa sentimita 8 hadi 10. Maranda ya kwa mafundi seremala yanafaa, ila yasiwe vumbi la msumeno tupu wala ya mbao zilizotiwa dawa. Wafugaji wa Moshi wana bahati ya kupata maganda ya mpunga kwenye mashine za kukoboa upande wa Chekereni, nayo hukauka upesi na hayashikamani. Yale ya zamani yarundikwe yaoze kwanza, ndipo yaende kwenye migomba.

Mapazia huja baada ya sakafu. Msimu huu upepo wa kusi ndio unaotawala, lakini sisi tunaoishi miteremkoni mwa Meru au Kilimanjaro hupata pia hewa baridi inayoshuka kutoka mlimani usiku, kwa hiyo upande wa kuzibwa si mmoja kwa kila mtu. Ingia bandani saa 4 usiku ukiwa na unyoya uliofungwa kwenye uzi, uushike usawa wa fito za kulalia, na uangalie unapeperuka kuelekea wapi. Ziba upande upepo unakotokea kwa salfeti zilizoshonwa pamoja au kwa turubai. Pazia lifungwe chini na kupandishwa kuelekea juu, ili nafasi ya upana wa viganja viwili hivi ibaki wazi karibu na paa. Hewa ya joto yenye mvuke na amonia hupanda, na hapo ndipo itakapotokea bila kuwapitia kuku. Wengi huziba mpaka juu kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoleta mafua. Ukiona bati linadondosha matone alfajiri wakati usiku mvua haikunyesha, ujue umeziba mno, kwani hayo ni maji ya pumzi za kuku wenyewe, nayo yanarudi kwenye matandazo uliyobadilisha juzi. Mchana teremsha mapazia, hata kukiwa na mawingu.

Vifaranga ni habari nyingine kabisa, na hapa sina upole na anayepuuza. Soko letu kubwa ni Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na kila boma linapotafuta kuku. Anayefuga chotara kama Kuroiler au Sasso kwa miezi minne au mitano hana budi kuingiza vifaranga Julai au Agosti, yaani katikati ya baridi. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale wanapokanyaga, kisha joto lipunguzwe kwa takriban nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yatimie. Katika kipupwe mimi hupunguza polepole zaidi ya hapo, hasa usiku. Bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iwashwe nusu siku kabla hawajafika, ili maranda yenyewe yawe na joto, kwa sababu sakafu ya saruji iliyopoa hunyonya joto la kifaranga kupitia miguuni hata kama hewa ya juu yake ni ya moto. Boksi likishushwa kwenye basi, chukua vifaranga wachache, mmoja mmoja, na umguse kila mmoja miguu kwa shavu lako. Miguu ikiwa baridi, waweke kwenye joto na uwape maji ya uvuguvugu yenye glukosi kabla ya jambo lingine lolote.

Baada ya hapo watakueleza wenyewe. Wakijikusanya chini ya moto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia kingo huku wametanua mabawa na kuachama, wana joto. Wakibanana upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Pembe za bruda zizungushiwe kadibodi au hadibodi ziwe mviringo, maana usiku wa baridi hurundikana pembeni na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Kwa jiko la mkaa, liwashiwe nje mpaka moshi uishe, lizungushiwe wavu, na lisiwekwe kamwe kwenye chumba kisicho na tundu la hewa juu, kwa kuwa mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, inayoua vifaranga na anayewalinda pia. Anayetumia taa ya umeme awe na mkaa wa akiba, kwani umeme ukikatika usiku, saa chache tu zinatosha kumwachia hasara. Vifaranga wa mtetea anayelea mwenyewe wana nafuu, ila wawekwe chini ya tenga mpaka umande ukauke.

Kuhusu chakula nitasema machache. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, na katika baridi huongeza, kwa sababu sehemu ya chakula huenda kwenye kujipasha joto. Kwa bahati mbaya mahindi huwa ghali kabla ya mavuno ya Julai na Agosti, na wengi huziba pengo kwa kuzidisha pumba. Kuku anashiba lakini nguvu anazopata ni kidogo, kisha mayai yanapungua. Mahindi yaliyoparazwa, konzi chache jioni kabla hawajapanda kwenye fito, huwasaidia usiku, mradi yasizidi sehemu moja ya kumi ya mlo. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape hata kidogo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huharibu ini la kuku, na mahindi yaliyovunwa kwenye mawingu bila kukaushwa vizuri ndiyo yenye hatari kubwa.

Chanjo ya mdondo (kideri) iitwayo I-2, tone moja jichoni, itolewe angalau wiki mbili kabla ya baridi kukolea na irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Apewe kuku mzima tu, si yule aliyeanza kuzubaa. Dawa ya minyoo nayo ina mahali pake mara baada ya masika. Uso ukivimba na pua kutoa ute wenye harufu, hayo ni mafua: mtenge huyo kuku na umwite afisa mifugo, badala ya kubahatisha dawa za dukani. Weka pia boksi la majivu na udongo mkavu mahali penye paa, kwa kuwa nje hawapati tena vumbi la kujioshea na utitiri huongezeka.

Neno moja kwa wanaochagua mbegu. Kuku kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ni mzuri kwa joto la Moshi mjini na tambarare za chini, lakini manyoya yake ni machache, na kwa anayeishi Ngaramtoni, Kibosho au Marangu nisingempendekeza kama ndiye kuku wa kuanzia.

Agosti inapokwisha, usiondoe mapazia yote kwa siku moja. Anza na upande wa jua la asubuhi, uache ule wa mlimani wiki mbili zaidi, na banda lenye vifaranga wa Agosti liwe la mwisho. Salfeti zifuliwe na kuanikwa juani mpaka zikauke kabisa, kisha zihifadhiwe mahali ambapo panya hawafiki, kwani msimu wa mavuno ndio huwa na panya wengi kuliko wote.