Maswali Yenu kwa Dokta: Majibu ya homa ya ini B yamemkimbiza rumumeti wangu

Dokta shikamoo. Mi nasoma udaktari mwaka wa tatu hapa Dar. Kabla ya kuanza wodi tulipimwa homa ya ini B, chanjo zangu tatu nilishamaliza. Majibu yakaja HBsAg hasi, anti-HBs chanya, anti-HBc hasi. Rumumeti wangu anasoma uhasibu, kaona neno chanya tu basi, toka siku hiyo kikombe chake anakifungia kabatini. Mbaya zaidi hata mimi nilishindwa kumweleza, lile jedwali la vipimo nimelikariri mara tatu na linatoka, wiki ijayo mtihani na naogopa sapu.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Majibu yako ndo yale natamani kila anayeingia wodini awe nayo, yani umekingwa. Na hata ungekuwa na kirusi chenyewe, B haipiti kwenye kikombe wala kwenye ugali wa sahani moja, inapita kwenye damu, ngono, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Za maji na chakula kilichoingia kinyesi ni A na E, labda mwenzio kachanganya herufi (na sio yeye tu, nishaona mpaka watu wa makoti meupe wanachanganya).

Jedwali achana nalo kwanza. Chukulia kirusi ni mchezaji, HBsAg ni jezi yake, na ile c ya anti-HBc ni kitu cha ndani kabisa, chini ya jezi. Ukiona "anti" jua ni kingamwili, yani askari ambao mwili wako umewatengeneza dhidi ya kitu hicho. Chanjo imetengenezwa kwa jezi tupu. Mwili wako umeonyeshwa jezi ukaikariri, hiyo ndo anti-HBs, lakini mchezaji mwenyewe hamjawahi kukutana, ndo maana anti-HBc yako ni hasi. Aliyeugua akapona anakuwa nazo zote mbili kwa sababu yeye mechi aliicheza kweli. HBsAg ikiwa chanya mchezaji bado yupo uwanjani, na akikaa zaidi ya miezi 6 tunasema ni sugu.

Mtego ambao walimu wanaupenda sasa: kuna wiki chache za katikati jezi imeshatoweka kwenye damu na anti-HBs bado haijaonekana, ukipima hizo mbili tu utamwambia mgonjwa yuko salama kumbe anti-HBc ya IgM (kingamwili za mwanzo kabisa) ingekuambia maambukizi ni ya juzijuzi. Na kirusi cha homa ya ini D hana jezi yake, anaazima ya B, kwa hiyo bila B hakuna D, na chanjo yako inakukinga na wote wawili.

Kingine watu wanapita haraka ni umri. Mtoto akiipata wakati wa kuzaliwa, kama 90 kati ya 100 wanabaki nayo sugu, mtu mzima ni chini ya 5. Yule baba wa miaka 40 utakayemkuta wodini tumbo limejaa maji kwa sababu ya B sugu, usikimbilie kumuuliza mambo ya ujana wake, inawezekana kabisa aliipata kabla hajajua kutembea.

Dokta, rafiki yangu alijichoma sindano akitoa damu, akaambiwa apake spiriti aendelee na kazi. Chanjo kapata dozi moja tu, nyingine anasubiri boom. Afanyeje?

Jibu: Wewe nilikujibu kwa simu siku ileile maana hili halingoji gazeti, hapa naandika kwa ajili ya wengine. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni, kisikamuliwe, kisha ripoti palepale na mgonjwa aliyetolewa damu apimwe. Wote huwa tunakimbilia dawa za kuzuia VVU, ni sawa, zianze mapema na zisivuke saa 72, lakini hatari ya VVU kwa sindano yenye damu ya mwathirika ni kama 3 kwa 1000. Ya B kwa mtu asiye na kinga inaweza kufika 30 kwa 100, mgonjwa akiwa na HBeAg chanya (alama kwamba kirusi kinazaliana kwa wingi). Kwa hiyo aendelezewe chanjo siku hiyohiyo, na mgonjwa akiwa na B, aliyechomwa apewe na sindano ya kingamwili za B, ikiwezekana ndani ya saa 24.

Dozi ya tatu ni mwezi wa 6 toka ya kwanza. Mwezi mmoja au miwili baada ya hapo apime anti-HBs, tunataka 10 mIU/mL au zaidi, na hilo karatasi alitunze, ataulizwa tena siku akichomwa.