Kitabu kifunguliwe mbele ya watu

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama hafla za kuwaenzi waandishi weusi huwafanya watu wasome, au huishia kwenye picha na maakuli. Naishi Chicago, mji wenye historia ndefu ya hafla hizo. Jibu langu ni ndiyo, zinawafanya watu wasome, lakini pale tu kitabu kinapofunguliwa na kusomwa kwa sauti hapohapo ukumbini.

Nimewahi kukaa kwenye karamu ya hoteli ambapo mwandishi alisifiwa jioni nzima bila kusomwa hata mstari wake mmoja. Ilikuwa kama arusi isiyo na bibi arusi. Tuliondoka tunalijua jina lake tu, na jina tulikuwa tunalijua tangu tulipoingia.

Linganisha na shughuli ninayoipenda kuliko zote za Februari, mwezi ambao Marekani inaadhimisha historia ya watu weusi. Mwaka 1990, kwa wazo la Dkt. Jerrie Cobb Scott, walimu weusi waliomo katika chama cha kitaifa cha walimu wa Kiingereza walianzisha desturi ya watu kukutana shuleni, kanisani, maktabani au hata nyumbani ili kusoma kazi za waandishi weusi. Huhitaji mgeni rasmi. Unakuja na ukurasa wako, unasimama, unasoma, unaketi, mwingine anainuka. Katika maktaba ya mtaa upande wa kusini wa jiji nilimsikia mzee mmoja akisoma shairi la Langston Hughes, pole pole, kwa sauti ya mtu aliyelizoea tangu ujana. Alipomaliza, msichana mdogo alimfuata akitaka kukiona kitabu. Mzee akamwonyesha rafu kilikotoka.

Rafu hiyo haikujijaza yenyewe, na hapa lazima nimtaje Vivian Harsh. Mwaka 1924 alikuwa mweusi wa kwanza kuwa mkutubi katika maktaba za umma za Chicago. Mwaka 1932 lilipofunguliwa tawi la Hall huko Bronzeville, mtaa wa watu weusi, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuliongoza. Fikiria ni nani waliokuwa wakiingia mlangoni: maelfu waliohama kutoka kusini mwa nchi, ambako maktaba nyingi zilikuwa zimewafungia milango. Richard Wright, kijana kutoka Mississippi, alipokuwa Memphis ilimbidi aazime kadi ya maktaba ya mzungu aliyefanya naye kazi, kisha aandike kibarua cha kughushi ili ionekane ametumwa na mzungu huyo kuchukua vitabu. Aliyetoka kwenye maisha kama hayo alimkuta Bi Harsh akimngoja na vitabu vilivyoandikwa na watu weusi, alivyovikusanya kwa bidii mwaka baada ya mwaka.

Naye hakuridhika na kuviweka tu. Alianzisha baraza la kuchambua vitabu, na humo wakazi wa mtaa walikaa na waandishi wenyewe: Hughes, Zora Neale Hurston, na Wright yule yule wa kadi ya kuazima. Mkutubi mwenzake, Charlemae Rollins, aliwasimulia watoto hadithi na kupigania vitabu visivyomdhalilisha mtoto mweusi. Mkusanyo wa Bi Harsh upo hadi leo, katika maktaba ya Carter G. Woodson, na unaitwa kwa jina lake. Nikiulizwa hafla ya fasihi iweje, nautaja mkutano wake: mwandishi yupo, msomaji yupo, na kitabu kinachozungumzwa kiko hatua chache tu, unaweza kwenda nacho nyumbani.

Mshairi Gwendolyn Brooks naye aliufahamu ukumbi huo wa Bi Harsh. Mwaka 1950 alikuwa mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1971 alisafiri hadi Kenya na Tanzania. Ninachomheshimia zaidi ni hiki: alipokuwa mshairi rasmi wa jimbo la Illinois, tangu 1968 hadi alipofariki mwaka 2000, aliwaandalia watoto wa shule mashindano ya ushairi na kuwapa zawadi kutoka mfukoni mwake.

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili wa hapa tuna la kujifunza. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobeli mwaka 2021 tulishangilia sana na kutumiana picha zake, ingawa wachache kati yetu walikuwa wamemsoma. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise, nasi tukaanza kukutana sebuleni kwa mtu mmoja na kuisoma kwa zamu: watu wa Mombasa, Tanga, Bujumbura na Kongo, kila mtu na lafudhi yake. Vijana waliozaliwa hapa husoma kwa kusitasita, na tumekubaliana kwamba hakuna kumkatiza msomaji.

Tulipofika pale msafara wa mfanyabiashara Aziz unapovuka ziwa hadi Marungu, mama mmoja wa Moba, Kongo, alisema huko ni kwao. Alitaka kujua mwandishi wa pwani anawaonaje watu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mjadala ulikwenda hadi usiku. Mwisho akaomba aondoke na kitabu ili aisome sehemu hiyo tangu mwanzo, tukamwachia. Tutakapokutana tena yeye ndiye atakayeanza kusoma, na ameshatuambia kuwa anakuja na hoja zake.