Kwa nini Kanisa la Scotland halina maaskofu

Umeuliza mbona Kanisa la Scotland halina maaskofu na la England linao, ilhali wote walimsoma Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti aliyefundisha Geneva, Uswisi. Angalia nani aliyeanza. England mageuzi ya Kiprotestanti, yaani kujitenga na Papa, yalishuka kutoka kwa mfalme. Elizabeth wa Kwanza aliyapokea mengi ya Calvin, hata kifungu cha 17 cha imani ya Kianglikana kinataja wateule wa Mungu, ila maaskofu hakuwaachia: walikuwa mkono wake.

Scotland ni kinyume. John Knox, mhubiri Mskoti aliyeongoza mageuzi huko na aliyewahi kupigishwa makasia kwenye merikebu za Wafaransa kama mfungwa, alikaa Geneva kwa Calvin, akarudi 1559. Mwaka uliofuata bunge likaikataa mamlaka ya Papa, malkia wa Scotland, Mary, akiwa bado Ufaransa. Baada ya hapo maaskofu wakawa wa kutoka na kurudi. Charles wa Kwanza, mfalme wa England na Scotland, alipolazimisha kitabu kipya cha sala mwaka 1637, waumini wa kanisa la St Giles, Edinburgh, walimrushia msomaji vigoda. Ndiyo, vigoda vya kukalia! Mfumo wa wazee, ambapo kanisa linaongozwa na wazee wa kanisa badala ya maaskofu, ulithibitishwa mwaka 1690, na ndio huo wamisionari wa Kiskoti waliuleta Kikuyu, Kenya.